Dege, Kifafa na Usiku wa Mzazi

Kabla mzazi hajamfikia mganga au tabibu, yeye mwenyewe hufikiwa na jina la ugonjwa. Jina hilo ndilo humwambia akimbilie wapi, amweleze nani na amfiche nani. Nimelitafakari jambo hili tangu usiku mmoja wa mwaka 1987, kijijini kwetu wilayani Tarime, mwanangu wa kwanza alipokakamaa mikononi mwa mama yake.

Alikuwa na umri wa mwaka mmoja na nusu, na homa ilimpanda tangu alasiri. Macho yalipinduka, viungo vikatikisika. Mimi, mwalimu mwenye cheti, nilimtia kijiko kati ya meno. Jirani yetu, mzee aliyewahi kufanya kazi pwani, akasema kwa uhakika: "Mwalimu, hilo ni degedege. Usimpeleke akadungwe sindano, utampoteza." Nikamsikiliza. Mtikisiko ulikoma, lakini mtoto hakuamka sawasawa, nasi tukangoja mapambazuko. Zahanati walimkuta na malaria kali. Alipona, jino moja la mbele lilimeguka kwa kijiko changu.

Tuliangalie neno lenyewe. Dege ni ndege mkubwa. Likirudiwa, tunapata degedege. Wazee wa pwani walisema pia "dege la watoto". Ndani ya jina hilo mna maelezo kamili ya ugonjwa: kiumbe chenye mbawa kimepita juu ya mtoto usiku, na mtoto anapapatika kama kilivyopapatika. Ikiwa chanzo ni dege, au shetani aliyevaa umbo lake, dawa nayo itatafutwa katika mafusho na hirizi.

Utafiti uliofanywa Bagamoyo na kuchapishwa mwaka 1996 ulikuta imani hiyo ingali hai. Wazazi wengi walitofautisha homa, ambayo ni ya hospitali, na degedege, ambayo ni ya mganga. Na sindano iliogopwa kuwa humuua mtoto mwenye degedege. Hofu hiyo haikuwa ya kijinga. Mtoto aliyecheleweshwa kwa siku mbili alifikishwa hospitali akiwa mahututi, akadungwa, akafa. Kijiji kiliona sindano, hakikuona siku mbili. Jirani yangu alikuwa amesafiri na ushahidi huo kutoka pwani hadi Tarime.

Neno la pili ni zito zaidi. Kifafa kina kufa ndani yake: kifo kidogo, au kitu kinachofanana na kifo. Wagiriki wa kale nao walilijenga jina lao juu ya kitenzi cha kukamatwa, wakauita pia ugonjwa mtakatifu. Yapata miaka 400 kabla ya Kristo, mmoja wa waandishi wa kundi la Hippocrates alipinga, akasema hauna utakatifu kuliko maradhi mengine, na kwamba chanzo chake ni ubongo. Hoja hiyo ilichukua karne nyingi kufika vijijini, huko kwao na huku kwetu.

Kwetu, sura muhimu ya historia hiyo iliandikwa Mahenge, wilayani Ulanga. Daktari kutoka Norway, Louise Jilek-Aall, alifika huko karibu na wakati wa uhuru wa Tanganyika. Miongoni mwa Wapogoro alikuta wagonjwa wa kifafa waliotengwa, wakila peke yao kwa kuwa mate yao yaliogopwa, na wengi wakiwa na makovu ya moto wa jikoni. Alianzisha kliniki na kuwapa fenobabitoni, dawa ya bei nafuu iliyokuwa ikitumika duniani tangu mwaka 1912. Wengi walipungukiwa na mianguko. Wazazi waliokuwa wakificha watoto wao wakaanza kuwaleta wenyewe.

Ila dawa haikulifuta neno. Baadaye watafiti walipowahoji wakuu wa kaya 3,256 nchini, matokeo yaliyochapishwa mwaka 1993 yalionyesha kuwa asilimia 40.6 waliamini kifafa huambukiza, na asilimia 62.7 wasingemruhusu mtoto mwenye kifafa kwenda shule. Nilipohamia wilaya ya Serengeti, mama mmoja alikuja kwangu jioni kuuliza kama mwanawe wa miaka tisa angeweza kuanza darasa la kwanza. "Mwalimu, ana kile kitu," alisema. Hakulitaja jina. Kwa miaka miwili alikuwa akimfunga kitambaa kiunoni na kumshikamanisha na yeye mwenyewe apikapo, asije akaangukia mafiga. Watu waliuita ushirikina; mimi niliuona ulezi. Alihitaji tu dawa, na mwalimu asiyekimbia.

Basi tutenganishe maneno haya, kwa kuwa wazazi huyachanganya. Degedege la homa huwapata watoto wa kati ya miezi sita na miaka mitano, na mara nyingi hukoma lenyewe kabla ya dakika tano. Kifafa hurudi tena na tena bila homa, na hakiambukizi. Katika yote mawili, mlaze mtoto kwa ubavu, ondoa vitu vya kumwumiza, usimtie chochote kinywani, tazama saa. Likipita dakika tano, kimbia hospitali. Na mtoto aliyetikisika akiwa na homa apelekwe upesi hata likikoma, kwa sababu malaria ya ubongo haingoji mapambazuko.

Siombi maneno haya yafutwe. Ni urithi wa waliotafuta maana ya usiku mbaya wakiwa hawana taa. Naomba tuyatamke wazi, mbele ya watoto wetu na mbele ya walimu wao, na kila tunapoyatamka tuyafuatanishe na maarifa. Mwanangu sasa ni mama. Akicheka, hulikumbuka jino lile, nami huinamisha macho.