Miaka 30 ya Van Bilsen

Ndugu finaliste, unasema TFC yako haitasomwa na mtu? Sikia. Mwisho wa 1955, profesa Mbelgiji Jef Van Bilsen alitoa andiko: Kongo ipate uhuru kisha miaka 30. Aliona hakuna waganga, maenjinia wala maofisa Wakongomani, na kosa ni la Ubelgiji. Basi wasomeshwe kwanza. Wakoloni wakakasirika, ati anaharakisha! Julai 1956, wenye gazeti Conscience africaine wakakubali wazo lake. Tarehe 23 Agosti ABAKO ya Kasa-Vubu ikakataa: tupewe sasa. Uhuru ukafika 30 Juni 1960. Mie naona hesabu yake ya masomo ilikuwa sawa; alipokosea ni kuwaza wenye inchi watangoja.