Uvujaji wa oili katika injini ya kupachika

Injini ya kupachika ni injini ya boti inayofungwa nje ya chombo, upande wa tezi. Juu kuna kichwa chenye silinda, katikati inashuka shafti ndefu, na chini, ndani ya maji, kuna sanduku la gia linalozungusha pangaboi. Ole Evinrude, Mmarekani mzaliwa wa Norwe, alianza kuuza injini za namna hii mwaka 1909. Yamaha, ambayo jina lake ndilo linaloonekana zaidi kwenye mialo ya Ziwa Victoria, ilitoa ya kwanza mwaka 1960. Wavuvi wa mkoa wa Kagera huiita injini ya kupachika mashine tu.

Omurushaka, mkoani humo, ni mji wa nchi kavu. Upo wilayani Karagwe, pale barabara itokayo Kyaka inapokutana na ile ya kwenda Kyerwa na Murongo, mpakani na Uganda. Kutoka hapo hadi Bukoba ni zaidi ya kilomita 100. Maziwa ya karibu, kama Rwakajunju na Burigi, ni madogo mbele ya Victoria, na Burigi limo ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Burigi-Chato tangu 2019. Kwa hiyo mkazi wa Omurushaka mwenye mashine huwa nayo mbali: Kemondo, Bukoba, au visiwani Bumbire na Goziba, mikononi mwa wavuvi wake. Tajiri wa namna hiyo haoni mashine ikifanya kazi. Akitaka kujua inavyotunzwa, asome oili yake.

Cha kwanza ni kujua ni oili gani inayotoka. Mashine nyingi za wavuvi ni za mipigo miwili, na hizo hazina bakuli la oili ya injini. Oili yake huchanganywa na petroli, ikaungua pamoja nayo. Sehemu isiyoungua hutoka na moshi kupitia kitovu cha pangaboi, na mashine ikipumzika, masalia meusi mepesi hudondoka hapo. Hilo si tatizo la sili, yaani mipira inayozuia oili kupita kwenye shafti. Likizidi, chanzo mara nyingi ni kipimo. Mashine nyingi za aina hii hutaka sehemu 50 za petroli kwa 1 ya oili, yaani mililita 400 katika lita 20. Wapo wanaokadiria kwa jicho. Oili ikizidi, plagi hujaa masizi. Ikipungua, pistoni hukwama ndani ya silinda, na gharama yake si ya kulinganisha na ile ya chupa ya oili. Oili yenyewe iwe ya alama ya TC-W3, iliyotengenezwa kwa injini zinazopozwa na maji. Ile ya pikipiki za mipigo miwili imekusudiwa joto la injini ya kupozwa kwa hewa.

Ukiona rangi za upinde wa mvua juu ya maji na harufu ya petroli, angalia mpira wa mafuta, viungo vyake na kabureta. Oili ya gia ni nzito, inateleza vidoleni, na ina harufu kali ya kiberiti. Ili kujua inatokea wapi, futa mguu wa mashine, yaani sehemu yake ya chini, mpaka ukauke kabisa, isimamishe wima usiku kucha juu ya boksi safi, kisha asubuhi utazame doa limeanzia wapi. Kufuta ndiyo hatua inayorukwa zaidi, na bila hiyo doa halisemi kitu, kwa sababu oili husambaa.

Katika sanduku la gia, oili inayotoka ni hasara ndogo. Kinachoua gia ni maji yanayoingia kupitia tundu lile lile. Fungua skrubu ya chini, kisha ya juu, na uache oili ishuke kwenye chombo safi. Ikiwa imegeuka nyeupe kama chai ya maziwa, maji yameingia. Wakati mwingine maji hutangulia kutoka yakiwa peke yake, kwa sababu ni mazito kuliko oili na hukaa chini. Unga laini wa chuma kwenye sumaku ya skrubu ni wa kawaida. Vipande vinavyoshikika kwa vidole ni meno ya gia au beringi.

Ziwani mkosaji mkubwa ni nyavu. Uzi wa nyavu au wa ndoano hujizungusha kwenye shafti nyuma ya pangaboi, ukajisokota hadi kwenye sili na kuikata. Kwa hiyo pangaboi livuliwe mara kwa mara, shafti isafishwe na kupakwa grisi. Njia nyingine za maji ni sili za shafti ya wima chini ya pampu ya maji, sili ya ufito wa gia, na washa za skrubu zenyewe, ambazo ni za bei ndogo na mafundi wengi huzirudisha zikiwa zimechoka.

Fundi makini habadilishi sili kwa kubahatisha. Baada ya kumwaga oili, hufunga pampu ya mkono yenye geji kwenye tundu la skrubu, akajaza upepo wa pauni 10 hivi kwa inchi ya mraba, akazamisha mguu kwenye pipa la maji huku akizungusha shafti. Mapovu yatamwonyesha. Upepo ukizidishwa mno, sili nzima nayo inaweza kutoka mahali pake. Kujaza tena kunaanzia chini: oili isukumwe kupitia tundu la chini mpaka itokee la juu bila mapovu, skrubu ya juu ifungwe kwanza, ndipo ya chini. Anayemimina kutoka juu hufungia hewa ndani. Oili hii hubadilishwa baada ya saa 10 za mwanzo, kisha kila saa 100 au miezi 6.

Sili za krenki hazionekani kirahisi. Ya juu ikichakaa, mashine huvuta hewa ya ziada, mchanganyiko unakuwa mwepesi na pistoni inaungua. Dalili ni mashine kupandisha mzunguko yenyewe bila kuongezwa mafuta.

Mashine za mipigo minne zina bakuli la oili na kijiti cha kupimia. Oili ikiongezeka badala ya kupungua, petroli inachuruzika ndani, hasa kwa mashine inayotembezwa polepole ikiwa baridi.

Si kila hitilafu ya mashine inatokana na uvujaji. Impela ya pampu ya maji huliwa na mchanga wa mialo yenye kina kifupi. Maji yanayoruka nyuma yakidhoofika, mashine izimwe hapo hapo. Uso wa Ziwa Victoria uko mita 1,134 juu ya bahari, na kwa kanuni ya nguvu kupungua asilimia 3 kwa kila mita 300 za kupanda, mashine hupoteza karibu sehemu ya kumi ya nguvu. Hivyo kuzubaa kwake kusidhaniwe moja kwa moja kuwa ni uvujaji.

Ikipandishwa Omurushaka kwa matengenezo, mashine isimamishwe kwanza wima mpaka maji yote yatoke, na kichwa kisiwe chini ya mguu njiani, maana maji yaliyobaki hupitia njia ya moshi hadi kwenye silinda. Ya mipigo minne hulazwa kwa upande ulioonyeshwa na mtengenezaji. Ikilazwa upande mwingine, oili hupenya kwenye silinda, na siku ya kuiwasha itatoa moshi wa bluu ambao fundi anaweza kuudhania ringi zilizokwisha.