Bandama: Kiungo Kilichosingiziwa Huzuni

Bandama, ambayo wengine huiita wengu, hukaa upande wa kushoto wa tumbo, chini ya mbavu. Huchuja damu, huondoa chembe nyekundu zilizochakaa na kuusaidia mwili kupambana na vijidudu. Galen, tabibu wa karne ya 2, aliifikiria vingine: kwamba huvuta nyongo nyeusi kutoka kwenye ini, na ikishindwa, nyongo hiyo huenea mwilini na kuleta majonzi. Nyongo nyeusi haikuwako, lakini fundisho lake lilitawala kwa zaidi ya miaka 1000.

Waingereza wakayaita majonzi hayo kwa jina la kiungo chenyewe. Wafaransa wakaliazima neno hilo katika karne ya 18, na mwaka 1857 Charles Baudelaire akayapa mashairi yake manne kichwa kimoja, Spleen. Ajabu ni kwamba Kifaransa hichohicho husema kuwa mwenye kucheka sana ameitanua bandama yake! Kiswahili hakikufuata njia hiyo: uchungu hukaa moyoni, na neno kali hukata maini.

Katika Afrika bandama iliyotanuka haikuwa kicheko, bali dalili ya malaria. Mkutano uliofanyika Kampala mwaka 1950 uliyapanga maeneo kufuatana na hesabu ya watoto wenye bandama iliyovimba. Palipokuwa na malaria kali ya daima, watoto hao walizidi 75%. Watu wazima wenye uvimbe walikuwa wachache, kwani walionusurika utotoni walikuwa wamekwisha kujijengea kinga.