Volti na Mamlaka ya Ubao Mama: Kichakataji cha Celeron 300A, 1998

Mnamo Agosti 1998 kampuni ya Intel ilitoa sokoni Pentium II ya megahezi 450, kwa bei ya jumla ya dola 669, pamoja na Celeron 300A ya megahezi 300, kwa dola 149. Bei hizo zilitenganisha madaraja mawili ya wanunuzi; hazikutenganisha silikoni kwa kiwango hicho, na ndipo mvutano unaojadiliwa hapa ulipozuka.

Kizidishi cha Celeron kilifungwa kwenye 4.5. Basi la mfumo, yaani njia ya data kati ya kichakataji na kumbukumbu, lilibaki mikononi mwa ubao mama. Ubao wenye chipseti ya 440BX ulikuwa umeidhinishwa kwa basi la megahezi 100. Hivyo aliyelipandisha kutoka 66 hadi 100 alipata megahezi 450, huku kadi za PCI zikibaki kwenye 33 zao za kawaida. Aidha, kache ya kilobaiti 128 ilikuwa ndani ya silikoni yenyewe na ilikwenda kwa kasi kamili, ilhali ile ya Pentium II ilikwenda kwa nusu.

Si kila Celeron iliyokubali kasi hiyo kwa volti 2.0 zilizoidhinishwa, na mbao nyingi hazikumpa mtumiaji njia ya kuongeza. Ubao ulisoma pini tano: iliyounganishwa na ardhi ilihesabiwa 0, iliyo wazi ilihesabiwa 1. Msimbo 00001 uliagiza volti 2.0. Pini tatu zikifunikwa kwa kipande cha tepu, msimbo ulisomeka 11101, nao ubao ukatoa volti 2.2.

Kuliita tendo hilo uvunjaji wa mpaka wa ubao, kama ilivyozoeleka, kunapotosha. Pentium II ya mwaka 1997 ilitumia volti 2.8 katika tundu la aina hiyohiyo. Uwezo ulikuwapo, kilichokuwa na mpaka ni utii. Ubao ulimsikiliza kichakataji peke yake, na mwenye mali alilazimika kusema kwa sauti yake.

Gharama iliangukia kwenye joto. Kwa kuwa umeme unaotumika hukua kwa kasi na kwa mraba wa volti, Celeron hiyo ilihitaji takriban mara 1.8 ya awali. Ushuhuda wa mafanikio nao usomwe kwa tahadhari: aliyefaulu alitangaza, aliyeunguza kichakataji hakuwa na dhamana wala, mara nyingi, hamu ya kusimulia.

Watengenezaji wa mbao walisoma soko upesi. Abit, katika ubao wake wa BH6, iliweka marekebisho ya volti ndani ya BIOS, na tepu ikapoteza kazi kwa wanunuzi wake. Uhuru huo ulikuta silikoni nyingine katika Pentium 4 ya Northwood ya mwaka 2002, iliyochongwa kwa mikromita 0.13 badala ya 0.25: baadhi ya walioipandisha kupita volti 1.7 waliona vichakataji vikifa ghafla, baada ya kufanya kazi vizuri kwa muda.