Mpaka wa Msimbazi

Nimekulia Magomeni, Dar es Salaam, na Bonde la Msimbazi nalijua kwa matuta yake ya mchicha. Mpango Mkuu wa Jiji wa 1979 ulilihesabu kuwa ardhi hatarishi, isiyopaswa kujengwa. Watu wakajenga, maana palikuwa karibu na Kariakoo na kodi ilikuwa nafuu. Sheria ya Mazingira ya 2004 ikaongeza katazo la kujenga ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto. Desemba 2011 mafuriko yaliua watu zaidi ya 40. Waathirika wakapewa viwanja Mabwepande, mbali mno na riziki zao. Mwishoni mwa 2015 ikaja bomoabomoa ya nyumba za bondeni, kuta zikiwa na alama ya X nyekundu ya kubomolewa. Kinachoniuma: karakana ya mabasi ya mwendokasi ilijengwa Jangwani, bondeni humohumo.