Tundu Kwanza, Msumari Baadaye

Historia ya vyombo vya pwani ya Afrika Mashariki husimuliwa mara nyingi kana kwamba ina sura mbili tu: zama za kushona na zama za msumari. Katika sura ya kwanza umo mtepe, chombo cha mbao zilizoshonwa kwa kamba za makumbi ya nazi, chenye tanga la mkeka na mabaharia wasiopumzika kuteka maji. Katika sura ya pili limo jahazi lililogongomewa kwa chuma, imara na kavu zaidi. Kati ya sura hizo huwekwa mgeni aliyekuja na msumari, na fundi wa pwani huonekana kama mwanafunzi aliyeanza masomo siku hiyo. Masimulizi hayo yanaeleza vizuri kilichobadilika kwa macho, lakini yanakosea kuhusu kiini cha kazi yenyewe. Ugumu wa kuunda chombo haukuwa katika kitu kinachopita ndani ya tundu, uwe uzi au chuma. Ulikuwa katika tundu: litobolewe wapi, umbali gani kutoka ukingo wa ubao, nafasi gani kati yake na jirani yake, na juu ya mstari upi. Elimu hiyo iliiva katika zama za kushona, na msumari ulipoenea ulikuta watu wanaoijua tayari.

Ushahidi wa ukongwe wa kazi hii haupingiki. Mwongozo wa mabaharia ulioandikwa kwa Kigiriki katika karne ya kwanza baada ya Kristo, Periplus, unautaja mji wa biashara wa Rhapta kwenye mwambao wetu na kueleza kwamba ulipewa jina hilo kutokana na vyombo vyake vya kushonwa. Mwaka 1183, msafiri Ibn Jubayr alipokuwa Aydhab, kwenye Bahari ya Sham, aliona vyombo vilivyoundwa bila msumari hata mmoja: mbao zilishonwa kwa kamba za nazi, zikakazwa kwa vijiti vya mtende, kisha zikapakwa mafuta, na yaliyosifiwa kuliko yote ni ya papa, yale ambayo mafundi wa kwetu huyaita sifa. Machi 1498, Vasco da Gama alipotia nanga kisiwa cha Msumbiji, mwandishi wa safari yake alieleza kwamba vyombo vya wenyeji vilikuwa vikubwa, vilikuwa na sitaha, havikuwa na misumari, na mbao zake zilishikana kwa kamba. Taarifa ya sitaha inastahili kuzingatiwa. Sitaha ni safu ya mbao inayobeba watu na shehena, hulowa kwa mawimbi na kukaushwa na jua kila siku. Watu walioweza kuilaza bila msumari hawakuwa wakibahatisha.

Wasomaji wengi hudhani kwamba watu hao walishona kwa kukosa chuma. Dhana hiyo haisimami. Al-Idrisi, aliyeandika jiografia yake katika karne ya 12, anaeleza kuwa chuma kilikuwa bidhaa kubwa ya mwambao huu, kikichimbwa Malindi na Mombasa, na kwamba kile cha Sofala kilinunuliwa na kupelekwa Bara Hindi. Basi anayeuza chuma ng'ambo hawezi kusemwa kuwa hakujua kufua msumari. Sababu zilizotolewa na waandishi wa zamani ni nyingine. Al-Masudi, katika karne ya 10, aliamini kwamba maji ya bahari hii hula chuma. Ibn Battuta, akizungumzia vyombo vya kushonwa vya Bahari ya Hindi katika karne ya 14, alisema chombo cha misumari kikigonga mwamba huvunjika, ilhali kilichoshonwa hunyumbuka kikasalimika. Maelezo yenye manufaa zaidi kwa hoja yetu ni ya Marco Polo, ambaye hakuvipenda kabisa vyombo alivyoviona Hormuz. Alisema mbao zake ni ngumu na hupasuka kama chombo cha udongo. Ukigongomea msumari, hurudi nyuma au ubao hupasuka. Kwa hiyo mafundi walizitoboa mbao kwa uangalifu kwa keke ya chuma karibu na ncha zake, wakatia vijiti vya mti, kisha wakashona. Alidhani anaandika aibu ya mafundi wa Hormuz, kumbe alikuwa anaandika siri ya kazi yao: kwa mbao ngumu, kazi yote hutegemea namna ya kutoboa.

Tuangalie kazi hiyo kwa karibu. Mbao mbili za mtepe huwekwa ukingo kwa ukingo, zikashikwa kwanza kwa vijiti vya mti vilivyopigwa mshazari ili zisiteleze. Kisha hutobolewa safu mbili za matundu, moja kila upande wa mwungano, na kila tundu la ubao wa juu lazima liwe na mwenzake katika ubao wa chini. Matundu yakipishana bila mpango, kamba huvuta upande, kishono kimoja hubeba mzigo wa vitatu, na bahari ikichafuka hicho ndicho kinachokatika kwanza. Yakikaribiana mno, ubao hupasuka kufuata uzi wake, tundu hadi tundu. Yakiachana mno, mwungano hupumua na maji huingia. Tundu likiwa karibu sana na ukingo, kamba hukata mbao kama kisu kikatavyo jibini. Likiwa mbali sana, kamba haina nguvu ya kubana. Hapo hakuna nafasi ya kosa ambalo litafichwa na rangi. Fundi hupata kipimo sahihi ama hupata chombo kinachovuja, na chombo kimoja kina mamia ya matundu ya aina hiyo.

Vifaa vya kupatia kipimo hicho vilikuwa vichache, na vyote vilifahamika katika kila gati la kuundia vyombo. Cha kwanza ni uzi uliopakwa ngeu, ile rangi nyekundu ya udongo. Huvutwa kutoka ncha hadi ncha ya ubao, ukainuliwa katikati na kuachiwa, nao huacha mstari mwekundu ulionyooka ambao macho peke yake yasingeweza kuuchora. Cha pili ni mwili wa fundi: wanda, yaani upana wa kidole, morita, kutoka gumba hadi kidole cha shahada, shibiri, kutoka gumba hadi kidole cha mwisho, na dhiraa, kutoka kiwiko hadi ncha ya kidole. Cha tatu ni keke. Chuma chake kimepachikwa kwenye msukano wa mti, msukano unazunguka ndani ya jivu ambalo fundi hulikandamiza kwa mkono mmoja, na mkono wa pili unavuta na kusukuma uta ambao uzi wake umezungushwa kwenye msukano. Kifaa hiki huenda mbele na kurudi nyuma, hakina pupa. Hutoboa polepole kiasi kwamba fundi anaweza kukisimamisha mara tu chuma kinapoanza kukengeuka, na kwa mti mgumu kama mbambakofi upole huo ndio unaookoa ubao.

Sasa tuutazame msumari. Msumari wa jahazi haukupigwa moja kwa moja kwenye ubao kama msumari wa sanduku. Kwanza mstari ulipigwa, nafasi zikawekewa alama, tundu likatobolewa kwa keke ileile likiwa jembamba kidogo kuliko msumari, na shingo ya msumari ikazungushiwa nyuzi za pamba zilizolowa mafuta ili maji yasipenye kando yake. Ndipo nyundo ikafanya kazi, na ncha iliyotokeza ndani ya taruma, yaani ubavu wa chombo, ikakunjwa ili isirudi. Sheria za nafasi zilibaki zilezile. Misumari miwili isikae juu ya uzi mmoja wa mbao, maana ubao utapasuka kati yao. Isisogelee mno ncha ya ubao. Ifuate katikati ya taruma lililo nyuma, ambalo aliye nje halioni. Kwenye sitaha sheria hiyo ya mwisho ni kali zaidi, kwa sababu boriti zilizo chini hufunikwa na mbao zinazogongomewa, na mstari unaopigwa juu ndio unaomwonyesha fundi mahali boriti ilipo. Katika mfululizo wote huo, kazi mpya ni kukunja ncha na kupiga nyundo. Mstari, alama, keke na mafuta ni urithi wa mshonaji.

Anayepinga hoja hii anaweza kusema kwamba huu ni ufundi wa macho na mazoea, si wa vipimo, na kwamba ndiyo maana majumba ya makumbusho hayana rula wala vibao vya kupimia nafasi za matundu kutoka zama za mtepe. Ni kweli kwamba hatuna vibao hivyo, lakini hitimisho lake halifuati. Kipimo cha wanda hakiachi kifaa nyuma, kwa kuwa kifaa chenyewe ni kidole cha fundi, nacho huzikwa pamoja naye. Uzi wenye ngeu huoza. Zaidi ya hayo, katika kushona tundu lililokwisha kutobolewa ndilo kipimo cha lile litakalofuata, na ubao wa kwanza ndio rula ya ubao wa pili. Tusitafute chombo cha kupimia kando ya chombo cha baharini. Mbao zenyewe ndizo kumbukumbu ya vipimo. Mabaki ya merikebu ya karne ya 9 yaliyogunduliwa mwaka 1998 karibu na kisiwa cha Belitung, Indonesia, ni ya chombo cha kushonwa kilichokuwa kimesheheni makumi ya maelfu ya vyombo vya kauri kutoka China. Ni vigumu kuamini kwamba wafanyabiashara waliikabidhi mali ya thamani hiyo kwa mishono iliyokadiriwa kwa macho tu, na ni vigumu zaidi kuamini kwamba mishono ya kubahatisha ingehimili safari ya mbali namna hiyo.

Pingamizi la pili ni zito zaidi: ikiwa mshonaji alijua yote hayo, mbona mtepe umekufa? Jibu ni kwamba ulikufa kwa sababu za gharama na wakati, si kwa upungufu wa maarifa. Kamba ya nazi huchakaa, kwa hiyo chombo cha kushonwa kilihitaji kushonwa upya mara kwa mara, na kila siku ya kushona ni siku ambayo hakibebi shehena wala hakiingizi pesa. Kilivuja zaidi, kikahitaji watu wa kuteka maji ambao walilishwa na kulipwa. Viwanda vya karne ya 19 vilipoufanya msumari kuwa bidhaa rahisi, hesabu ya mwenye chombo iligeuka. James Hornell alipochapisha utafiti wake juu ya mtepe na dau la visiwa vya Lamu mwaka 1941, alikuwa anaandika kuhusu chombo kilichokwisha kutoweka baharini. Kubali yote hayo, na bado hayagusi hoja yetu. Msumari ulishinda kwenye daftari la mwenye mali, lakini kwenye gati la fundi uliingia kama kitu kipya cha kupitisha katika tundu la zamani. Ndiyo maana mabadiliko yenyewe hayakuhitaji shule wala walimu kutoka nje, na vijiji kama Matondoni katika kisiwa cha Lamu na Nungwi huko Unguja vikaendelea kuunda majahazi kwa mikono ya watu walewale, kizazi baada ya kizazi.

Jaribio la karibuni linathibitisha jambo hili kwa njia isiyotarajiwa. Mwaka 2018 ilizinduliwa huko Lamu Flipflopi, dau la mita 9 lililoundwa kwa plastiki iliyookotwa na kuyeyushwa upya chini ya usimamizi wa fundi Ali Skanda, na mwaka uliofuata likasafiri kwa tanga hadi Zanzibar. Plastiki haina uzi kama mbao, na hutanuka zaidi kwa joto, kwa hiyo hapakuwa na kanuni ya kurithi kuhusu tabia yake. Hata hivyo kazi ilifanywa na mafundi wa majahazi, kwa njia zao za kupima na kuunganisha, wakizirekebisha kadiri mali ghafi ilivyowadai. Kamba ilipokipisha chuma, na mbao zilipoipisha plastiki, aliyevuka akiwa salama ni yule anayejua nafasi na mstari.

Tunachopaswa kuhofia leo, basi, si kupotea kwa kamba wala kwa keke, ambayo drili ya umeme imeipokonya kazi sehemu nyingi. Ni kupotea kwa vipimo. Makumbusho yetu yamehifadhi mifano ya mtepe, nayo hupendeza macho, lakini hata uhifadhi huo una hatari zake, kama tulivyoonyeshwa tarehe 25 Desemba 2020 sehemu ya jumba la makumbusho la Beit-al-Ajaib ilipoporomoka mjini Zanzibar. Kipimo kilichoandikwa hakiporomoki na ukuta. Majahazi ya zamani yangali yamepandishwa mchangani katika bandari ndogo za mwambao wote yakingoja kuoza au kuchanjwa kuni, na kila moja lina ubavuni mwake maamuzi ya fundi yanayoweza kusomwa kwa futi kamba na daftari: umbali kati ya misumari, umbali kutoka ukingoni, namna safu zinavyopishana. Vyuo vya ufundi, idara za makumbusho na wazee wa vijiji vya waundaji wana uwezo wa kuifanya kazi hiyo kwa gharama ndogo sana. Waifanye sasa, wangalipo mafundi wa kueleza kwa nini tundu liliwekwa pale na si kwingine.