Edna Adan, mkunga wa Hargeisa

Matokeo ya mitihani yakitoka, swali ni lile lile: binti amefaulu, anataka kusomea unesi, tumruhusu? Wako wanaosema kazi ya kukesha hospitalini haimfai binti wa Kiislamu. Basi tusome habari za Mwislamu mwenzetu, Edna Adan Ismail.

Alizaliwa Hargeisa mwaka 1937, baba yake akiwa daktari. Wasichana wa kwao hawakuwa na shule. Baba aliajiri mwalimu wa kuwafundisha wavulana, Edna naye akakaa pembeni akajifunza kusoma. Baadaye alisoma Jibuti, na mwaka 1954 akaenda Uingereza kusomea unesi na ukunga.

Aliporudi mwaka 1961 alikuwa Msomali wa kwanza mwenye elimu hiyo. Serikali haikujua imweke wapi mwanamke, akatumika karibu miaka miwili bila mshahara! Baadaye mumewe, Mohamed Haji Ibrahim Egal, akawa Waziri Mkuu wa Somalia, lakini jina la Edna halikutokana na ndoa.

Liko jambo zito. Akiwa na miaka kama minane, baba akiwa safarini, wanawake wa nyumbani walimkeketa. Baba aliporudi alikasirika sana. Ukubwani, akizalisha, Edna aliona jinsi kovu lile linavyowatesa akina mama na watoto wao. Mwaka 1976 akaanza kulisema hadharani, jambo ambalo watu walilionea haya hata kulitaja, na akasisitiza kwamba dini haikuamrisha hivyo. Sisi Rwanda hatuna desturi hiyo, alhamdulillahi, lakini yako mengine tunayoyafanya kwa mazoea tukiyaita dini.

Alifanya kazi pia katika Shirika la Afya Duniani. Alipostaafu angeweza kupumzika Ulaya. Badala yake alirudi Hargeisa, mji uliobomolewa kwa mabomu mwaka 1988, akauza mali yake, hata gari lake la Mercedes, akatia na kiinua mgongo chake, ili ajenge hospitali ya wazazi. Kiwanja alichopewa kilikuwa jalala. Manesi wengi walikuwa wamekimbia vita, kwa hiyo alianza kufundisha wasichana kabla jengo halijakamilika. Hospitali ilifunguliwa Machi 2002, naye akahamia kuishi humo humo, akiitwa usiku awe karibu.